Sinema: Filme mbili za mto mmoja, na kazi ambazo mtazamaji haoni

Filme ikiisha, muziki unaanza na majina meupe yanapanda polepole kwenye kioo cheusi. Ndiyo saa ambayo watazamaji wengi wanasimama, wanatafuta viatu vyao na kwenda zao. Hata hivyo, orodha ile ndefu ndiyo hesabu ya kweli ya filme: nani alitafuta feza, nani aliandika, nani alishika kamera, nani alipika chakula. Katika jimbo la Tshopo, maji ya mto mmoja yamebeba filme mbili zinazojulikana duniani, moja mwaka 1951 na nyingine mwaka 2018. Zikilinganishwa, zinaonyesha vizuri kila kazi ya sinema ni nini, na ni kitu gani kinapotea pale kazi moja inapokosa mtu wake.

Kutoka Ruiki hadi Kinshasa

Mwaka 1951, kundi la wasanii na mafundi kutoka Uingereza na Marekani lilipiga kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, katika eneo la Ubundu, mji uliokuwa ukiitwa Ponthierville wakati wa ukoloni. Walikuja kutengeneza The African Queen, filme ya mwongozaji John Huston yenye waigizaji wawili wakubwa wa wakati ule, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi yake ni ya mwaka 1914: mwanaume mwenye mashua kuukuu na mwanamke wa misioni wanashuka mto ili kwenda kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani.

Hadithi hiyo haikutoka hewani. Mwandishi wa kitabu, C. S. Forester, alichukua wazo katika vita vya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa reli, kwa barabara na kwa mto, kupitia Katanga hadi Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Baadaye ilitolewa majini, ikapewa jina la Liemba, na ikaendelea kubeba abiria wa ziwa lile kwa miaka mingi.

Maji ya Ruiki yanaingia Lualaba, na Lualaba inapita Kisangani. Ni pale Kisangani ambapo, mwaka 2018, kikundi cha watu waliojeruhiwa katika Vita vya Siku Sita kilipanda mashua kwenda Kinshasa, safari ya kilomita karibu 1,700. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo. Mamia ya raia waliuawa na zaidi ya elfu moja walijeruhiwa. Miaka 18 baadaye, wenye miguu ya bandia, wenye magongo na wenye viti vya magurudumu walichoka kungoja fidia, wakaamua kwenda kudai wenyewe kwenye mji mkuu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alisafiri nao na kamera yake. Filme yake, En route pour le milliard, ilichaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes mwaka 2020.

Filme moja ilikuja na kambi nzima, mashine nzito na feza nyingi. Nyingine ilitegemea kwa sehemu kubwa macho, mikono na uvumilivu wa mtu mmoja. Lakini kazi zilizopaswa kufanyika zilikuwa karibu zile zile.

Kabla kamera haijawashwa

Mtu wa kwanza kwenye filme ni yule ambaye watazamaji wanamjua kidogo kuliko wote: mtayarishaji, ambaye wengi wanamwita produsa. Huyu ndiye anayetafuta feza, anayesaini mikataba, anayelipa watu na anayejibu mahakamani mambo yakiharibika. Kwa The African Queen alikuwa Sam Spiegel. Feza za Uingereza zilipatikana, na Bogart alikubali kungoja sehemu ya malipo yake hadi filme itakapoanza kuuzwa. Hiyo ndiyo kazi ya produsa: kumfanya kila mtu aamini kitu ambacho bado hakipo.

Nchini RDC kazi hii ndiyo inayokosa watu zaidi. Vijana wengi wanataka kuongoza ao kuigiza, na wachache wanataka kukaa usiku wakipiga hesabu na kuandika barua za kuomba msaada. Kiripi Katembo, mzaliwa wa Goma aliyekuwa mpiga picha na mchoraji, alielewa hilo mapema. Alianzisha nyumba ya kutayarisha filme, Mutotu Productions, ili kazi za wenzake zisibaki ndani ya madaftari. Malaria ilimwua mwaka 2015, akiwa na miaka 36 tu. Mtu wa namna hiyo akiondoka, si filme zake peke yake zinazosimama, ni za wengine pia.

Baada ya produsa, ao pamoja naye, anakuja mwandishi wa senario. Senario si hadithi ya kusoma kitandani. Ni karatasi ya kazi: inasema tuko wapi, ni mchana ao usiku, nani yuko pale, anafanya nini, anasema nini. Fundi wa taa anaisoma ili ajue atahitaji umeme kiasi gani, na mtu wa mavazi anaisoma ili ajue shati litachanika ukurasa gani. Senario ya The African Queen iliandikwa na James Agee pamoja na Huston. Agee akapatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya kumaliza, na ikabidi mwandishi mwingine, Peter Viertel, aitwe kusaidia kutafuta mwisho wa hadithi.

Kwa filme ya mambo ya kweli kama ile ya Hamadi, hakuna maneno ya kuandikia watu. Lakini kuandika kunabaki. Kabla ya kupata feza, mwongozaji analazimika kueleza kwenye karatasi atamfuata nani, kwa nini, na anafikiri safari itampeleka wapi, hata kama mto utaamua vingine.

Mwongozaji ndiye anayeshika wazo zima kichwani. Kila saa anaulizwa maswali: kamera ikae wapi, huyu alie ao anyamaze, turudie ao tuendelee. Si lazima ajue kazi zote kuliko mafundi wake, lakini lazima ajue anataka nini kutoka kwa kila mmoja. Mwongozaji asiyejua anataka nini anachosha watu mia kwa siku moja.

Kuna pia kazi ya kutafuta mahali. Raoul Peck alipotengeneza Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, vita vilikuwa vinaendelea Congo. Hadithi ya Kinshasa na Katanga ikapigwa picha Zimbabwe na Beira, nchini Msumbiji. Mtazamaji wa Lubumbashi anaangalia nchi yake, kumbe anaangalia barabara za watu wengine. Kutafuta mahali si kutafuta uzuri peke yake. Ni kuuliza pia kama barabara inapitika, kama watu watalala salama, na kama mwenye uwanja amekubali.

Siku ya kupiga picha

Asubuhi ya siku ya kazi, sauti inayosikika zaidi si ya mwongozaji. Ni ya msaidizi wake wa kwanza. Yeye ndiye anayeandika ratiba, anayeita watu, anayeomba kimya, anayeangalia jua na saa. Kule Ruiki kazi hiyo ilikuwa ya Guy Hamilton, ambaye baadaye alikuwa mwongozaji mwenye jina na kutengeneza filme kadhaa za James Bond. Ni shule ngumu lakini nzuri: mtu anajifunza gharama ya kila saa inayopotea.

Karibu na kamera anakaa mtu mwenye daftari, kalamu na macho makali. Anaitwa skripti. Filme haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mtu anaweza kufungua mlango siku ya kwanza ya mwezi na kuingia chumbani wiki tatu baadaye. Nani atakumbuka kama kifungo cha juu kilikuwa wazi, ao sigara ilikuwa mkono gani? Skripti ndiye anayekumbuka. Kwenye The African Queen kazi hiyo ilifanywa na Angela Allen, aliyekuwa na miaka ishirini na michache, na Huston akaendelea kumwita katika filme zake kwa miaka mingi. Kazi yake haikuwa nyepesi. Safari moja ya mto ilipigwa picha Congo, Uganda na katika studio karibu na London, ambako sehemu za kuingia majini zilifanyika kwa sababu ya kuogopa magonjwa ya mto. Jasho, matope na nguo zilizochanika vilipaswa kufanana katika nchi tatu.

Kwa vijana wanaotengeneza filme Goma, Bukavu ao Bunia, skripti ndiye mtu wa kwanza anayekatwa ili kupunguza gharama. Matokeo yanaonekana: muigizaji anatoka nyumbani na shati jekundu, anafika sokoni na la buluu. Watazamaji wanacheka mahali walipopaswa kulia. Daftari na kalamu havigharimu sana. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye uangalifu ambaye hapewi kazi nyingine.

Kisha kuna picha yenyewe. Mkuu wa picha anaamua mwanga, rangi na namna ya kuonyesha uso. Chini yake anaweza kuwapo mwenye kushika kamera, msaidizi anayeangalia kama picha ni safi ao ina ukungu, na mwingine anayebadilisha batri na kutunza kadi. Kule Ruiki mkuu wa picha alikuwa Jack Cardiff, mmoja wa mabingwa wa rangi wa wakati wake. Kamera yake ya Technicolor ilikuwa nzito na ilipitisha kanda tatu kwa wakati mmoja, na ilihitaji mwanga mwingi. Basi taa na jenereta vikafuata majini, juu ya vyombo vilivyofungwa pamoja na kuvutwa mtoni. Kanda zilisafishwa Uingereza, si pale porini, na hapakuwa na kioo cha kuangalia jioni kama picha ya asubuhi ni nzuri.

Leo kamera inaingia ndani ya mfuko wa mgongoni. Hata hivyo kazi ya mwanga haijaisha. Katika nyumba za mbao za Goma, zenye dirisha moja dogo, ngozi nyeusi ikipigwa picha bila kufikiria mwanga inapotea ukutani. Fundi mzuri si lazima awe na taa za bei kali. Kitambaa cheupe, bati linalong'aa ao mlango unaofunguliwa kidogo vinaweza kutosha, kama kuna mtu ambaye kazi yake ni kufikiria hilo tu.

Sauti, mtoto asiyependwa

Waulize waliowahi kuonyesha filme zao mbele ya watu: picha mbaya inasamehewa, sauti mbaya haisamehewi. Ndiyo maana kwenye kundi la kweli kuna mhandisi wa sauti mwenye spika masikioni, na mwenzake anayeinua fimbo ndefu yenye mikro juu ya vichwa vya waigizaji, bila kivuli chake kuonekana kwenye picha. Mwenye fimbo anapaswa kujua maneno ya senario kwa moyo, ili mikro ifike kwa anayesema kabla hajafungua kinywa.

Kile kibao kinachopigwa pa mbele ya kamera kina sababu. Picha na sauti mara nyingi vinachukuliwa na mashine mbili. Mlio wa kibao, na picha yake kinapofunga, vinamsaidia fundi wa montaji kuviunganisha sawasawa. Namba iliyoandikwa juu yake inasema ni kipande gani na ni mara ya ngapi.

Mhandisi wa sauti anafanya jambo moja ambalo wageni hawaelewi: anaomba watu wote wanyamaze kwa dakika moja bila kufanya lolote, naye anarekodi kimya hicho. Kila mahali pana kimya chake. Kimya cha Bukavu usiku, chenye mbwa na pikipiki za mbali, si kimya cha Lualaba. Bila dakika hiyo, viraka vya sauti vinasikika kwenye filme kama viraka vya suruali.

Nyuso, nguo na vitu

Waigizaji ndio wanaojulikana, lakini kabla yao kuna mtu aliyewachagua. Kuchagua kwa uangalifu kunaweza kubadilisha maisha. Rachel Mwanza, aliyekuwa ameishi kwenye barabara za Kinshasa, alichaguliwa kwa filme Rebelle ya Kim Nguyen bila kuwa amesomea uigizaji. Mwaka 2012 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin. Véro Tshanda Beya naye alishika nafasi kubwa katika Félicité ya Alain Gomis, iliyopata tuzo kuu ya majaji Berlin mwaka 2017 na Étalon d'or ya FESPACO mwaka huo huo. Katika filme ile anaonekana akiimba, lakini sauti ya nyimbo ni ya Muambuyi wa kundi la Kasai Allstars. Wanawake wawili, mhusika mmoja: mmoja anatoa uso, mwingine anatoa koo.

Mavazi pia ni maneno. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza Augure, filme inayosikika Kifaransa, Lingala na Kiswahili, iliyopata tuzo Cannes mwaka 2023. Yeye mwenyewe alijishughulisha na mavazi ya filme yake, na anayeitazama anaelewa kwa nini: nguo zinaeleza nani anaogopwa na nani amefukuzwa, kabla mtu hajasema neno.

Wa makiyaji hawapaki poda peke yake. Wanatengeneza vidonda, uzee, jasho na uchovu. Wa mapambo wanageuza chumba kitupu kuwa ofisi ya mwaka 1960. Wa vitu vidogo wanatafuta simu, kikombe na gazeti vya wakati unaofaa. Katika The African Queen kuna kipande maarufu ambapo mhusika wa Bogart anatoka majini akiwa amejaa ruba. Bogart alikataa ruba za kweli, na mafundi wakamtengenezea za mpira. Watazamaji waliogopa vile vile.

Wanaolisha kundi

Kazi nyingine haina utukufu wowote, lakini ikikosekana filme inakufa. Ni kazi ya reji: gari, mafuta, chakula, maji ya kunywa, dawa, mahali pa kulala, choo, karatasi za ruhusa. Kule Biondo mambo haya yalikaribia kuvunja filme. Watu wa kundi waliugua kuhara na malaria, Hepburn akiwa miongoni mwa waliougua sana. Siafu walivamia kambi. Mashua iliyobeba jina la filme ilizama, ikabidi ivutwe kutoka majini kwa kamba na mikono ya watu. Lauren Bacall, mke wa Bogart na mwigizaji mkubwa yeye mwenyewe, hakuwa na nafasi katika filme. Alisaidia kupika na kuuguza wagonjwa. Kwa maneno mengine, alifanya reji.

Mashariki mwa RDC, mtu wa reji ana mzigo mwingine: usalama. Kamera inaogopesha watu wenye silaha, na inaogopesha raia pia. Kabla ya kutoa mashine barabarani, lazima mtu awe ameongea na mkuu wa mtaa, na viongozi, na wenye nyumba, na awe na karatasi mfukoni. Lazima awe na namba ya daktari, na ajue gari litatokea njia gani kukitokea risasi. Kundi la vijana likisema "tutaona mbele ya safari", mara nyingi linaona kweli: kamera inakamatwa, kadi zinafutwa, na siku inaishia kwenye ofisi. Mtu aliyepewa kazi hiyo peke yake, siku tatu kabla, anaokoa feza na pengine anaokoa maisha.

Chumba cha giza

Picha zikiisha kuchukuliwa, nusu ya kazi imebaki. Fundi wa montaji anakaa mbele ya kompyuta na saa nyingi za picha, na kutoka humo anatoa saa moja na nusu. Anachagua, anakata, anaunganisha. Uso unaonyamaza ukifuatwa na picha ya kaburi unakuwa huzuni, na uso ule ule ukifuatwa na picha ya sahani ya chakula unakuwa njaa. Katika filme ya mambo ya kweli nguvu hiyo ni kubwa zaidi, maana waliopigwa picha ni watu wenye majina na majirani. Kukata vibaya ni kumsingizia mtu.

Katika En route pour le milliard, safari ya mashua inachanganyika na vipande vya jukwaani, ambapo majeruhi wenyewe wanaigiza yaliyowapata. Mvua inapiga turubai, watu wanabishana, wanaimba, wanafika Kinshasa na kusimama mbele ya Bunge. Kupanga hayo yote ili mtazamaji asipotee ni kazi ya montaji.

Baada yake wanakuja mchanganyaji wa sauti, mrekebishaji wa rangi, mtunzi wa muziki, na mtu ambaye watu wanamsahau kabisa: mfasiri wa maneno yanayoandikwa chini ya picha. Kwa filme za mashariki mwa Congo kazi hii si ndogo. Mwaka 2015 serikali ilizuia kuonyesha L'homme qui répare les femmes, filme ya Thierry Michel na Colette Braeckman juu ya daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu. Moja ya malalamiko yake ilikuwa kwamba ushuhuda uliotolewa katika lugha za hapa ulitafsiriwa vibaya. Mwongozaji alikataa shutuma hizo, na mwezi Oktoba mwaka huo ruhusa ikatolewa. Lakini fundisho lilibaki: mstari mmoja wa tafsiri unaweza kuwa sababu ya kufunga filme nzima. Mtu anayejua Kiswahili cha Bukavu, Mashi na Kifaransa sawasawa si msaidizi wa mwisho wa mwisho. Ni ukuta wa nyumba.

Mtu mmoja, kazi kumi

Dieudo Hamadi alisomea utiifu wa namna nyingine, udaktari, kabla ya kuingia sinema. Alionekana kwanza kupitia Congo in Four Acts ya mwaka 2010, mkusanyiko wa filme fupi uliotayarishwa na Djo Munga, yule wa Viva Riva!. Kisha zikafuata Examen d'État, juu ya wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali, na Maman Colonelle, juu ya afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Mara nyingi anashika kamera mwenyewe. Kwa filme zake hilo ni chaguo: ndani ya mashua iliyojaa wagonjwa, kundi la watu ishirini lingeharibu ukweli wenyewe.

Lakini hata yeye hakufanya yote. Alikuwa na maprodusa, mafundi wa sauti, watu wa montaji. Tofauti kati ya kuchagua kuwa peke yako na kulazimika kuwa peke yako ni kubwa. Vijana wengi wa Kivu na Ituri wanaandika, wanaongoza, wanapiga picha, wanakata na wanaweka muziki kwa sababu hakuna feza ya kulipa wengine. Wanapata filme, lakini hawapati kazi ya maisha. Mtu anayefanya kila kitu kwa miaka 10 anaweza kubaki mwanafunzi wa kila kitu.

Ndiyo maana shule na vituo vina maana. Kinshasa kuna Taasisi ya Kitaifa ya Sanaa, INA. Goma, kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mwongozaji Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana sinema tangu miaka ya 2000, hata katika vipindi vibaya vya mji. Ndani ya kikundi, kijana anagundua kwamba hapendi kuongoza hata kidogo, lakini sikio lake ni kali. Ao kwamba anayeogopa kusema mbele za watu ni skripti wa ajabu. Kikundi kimoja cha watu watano wenye kazi tano zilizo wazi kinafanya filme nzuri kuliko waongozaji watano wanaosukumana nyuma ya kamera moja.

Jina kwenye orodha

Linabaki swali la feza na la jina. Mwanzoni mwa The African Queen majina ya Bogart, Hepburn, Huston na Cardiff yanasomeka wazi. Bogart alipata Oscar kwa kazi ile. Wakongomani waliojenga kambi ya Biondo, waliovuta vyombo kwa kamba na kutoa mashua majini hawamo. Filme isingekuwapo bila mikono yao, lakini leo mjukuu wao hana pa kuonyesha kidole na kusema: huyu ni babu.

Desturi hiyo haikuisha na ukoloni. Hadi leo, makundi ya televisheni na ya filme yanayokuja mashariki mwa nchi yanategemea mtu wa hapa anayejua njia, anayefasiri, anayefungua milango na anayebaki mtaani wageni wanapopanda ndege. Mara nyingine analipwa kwa siku, bila karatasi, na jina lake linaandikwa vibaya ao haliandikwi. Wakati mwingine kuficha jina ni kumlinda, na hilo ni haki yake kuomba. Lakini kusahauliwa si ulinzi.

Mafundi wanaojua kazi yao wanashauri mambo machache kabla ya kukubali siku hata moja: karatasi inayosema kazi ni gani, siku ni ngapi, malipo ni kiasi gani na yatatoka lini, nani atalipa hospitali mtu akiumia, na jina litaandikwaje mwishoni. Kati ya marafiki wa mtaa mmoja karatasi inaonekana kama dharau. Kwa kweli inalinda urafiki, maana ugomvi mwingi wa sinema unaanza siku filme inapopata tuzo, na kila mmoja anakumbuka ahadi tofauti.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na Kisangani imo ndani ya hesabu hiyo. Filme haikuandika hukumu ile. Lakini waliopanda mashua mwaka 2018 wana kitu ambacho wavuta kamba wa Ruiki hawakukipata: nyuso zao, sauti zao na madai yao yamehifadhiwa, yakionyeshwa kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Kisangani. Kwa hilo kulihitajika mtu wa kupiga picha, wa kushika mikro, wa kukata, wa kutafsiri na wa kutafuta feza. Majina yao yako mwishoni, pale watazamaji wanapotafuta viatu.